Kuvuka kutoka sauti ya kifua hadi ya kichwa bila kugeuka mtu mwingine

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia dada mmoja wa sauti ya kwanza aliyepewa solo ya Pasaka. Chini ana sauti nene yenye mkwaruzo kidogo, ukiisikia hata nje ya kanisa unajua ni yeye. Akipanda, mara anapiga kelele, mara sauti inakatika, mara inatoka nyembamba kabisa, kama ya kuazima. Alikuwa ameshaambiwa mara nyingi "fungua koo", na kila akijaribu kulifungua ndipo anazidi kujikaba. Haya ndiyo niliyomwelekeza. Yanamfaa wa kwaya, wa taarab, wa kaswida na wa bongo fleva. Kama kupanda si tatizo lako, jirekodi kama ilivyo hatua ya 1, kisha nenda moja kwa moja hatua ya 5.

Hatua ya 1: Jirekodi

Tumia kinasa sauti cha kawaida cha simu, simu ikae umbali wa mkono. Usitumie programu za karaoke. Zile zinaongeza mwangwi na kunyoosha noti kimyakimya, kwa hiyo hutajua ulichofanya wewe na kilichofanywa na simu. Ongea kwanza maneno ya ubeti wako kama unamsimulia mtu, kisha uuimbe. Utakachosikia kitakukera. Ukiimba unajisikia kwa njia mbili, hewani na kwenye mifupa ya kichwa, na mifupa inakuongezea besi ambayo wenzako hawaipati. Rekodi ndiyo wanayoisikia wao. Ihifadhi.

Hatua ya 2: Pumzi

Simama, vuta pumzi mbavu zitanuke pembeni, mabega yatulie. Itoe kwa "sss" nyembamba, isitoke yote kwa mkupuo. Basi. Najua kuna walimu wanaokaa hapa miezi, mwanafunzi amelala chali na daftari juu ya tumbo. Mimi sioni faida kwa mtu ambaye tayari anamaliza mstari wake bila kuhema.

Hatua ya 3: Pasha sauti moto kwa mrija

Chukua glasi ya maji nusu, zamisha ncha ya mrija sentimita mbili au tatu, kisha toa mlio wa "u" kupitia mrija, mapovu yakitoka. Panda na ushuke taratibu. Mrija unarudisha mgandamizo wa hewa nyuma kidogo, nyuzi za sauti zinagusana kwa ulaini. Aliyeieneza sana njia hii kwa utafiti wake ni Ingo Titze wa Marekani, na siku hizi hutumiwa hata na wanaotibu sauti. Mrija wa karatasi haufai, unalowa na kuziba kabla hujamaliza. Tafuta wa chuma au wa plastiki. Kama huna mrija, tetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari.

Hatua ya 4: Kuvuka

Hapa ndipo saa za watu zinapopotea, kwa hiyo nitakaa.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ndani ya zoloto, lile gegedu linalojitokeza shingoni kwa wanaume. Ukiimba ile la ya hezi 440 inayotumika kulinganishia ala, zinafunga na kufunguka mara 440 kwa sekunde. Msuli ulio ndani ya nyuzi zenyewe unazifanya ziwe fupi na nene, zigusane kwa upana. Hiyo tunaiita sauti ya kifua. Msuli mwingine, ulio mbele ya zoloto, unazivuta ziwe ndefu na nyembamba, zigusane kwa kingo tu. Hiyo ni sauti ya kichwa. Kazi yote inafanyika palepale kooni. Majina yametokana na mahali unapohisi mtetemo.

Kwa hiyo ukipanda, msuli wa kwanza unatakiwa uachie kidogo kidogo huku wa pili unashika. Usipoachia, unapiga kelele. Ukiachia wote ghafla, sauti inakatika. Kwa watu wengi mpito huu uko karibu na mi na fa zilizo juu ya do ya katikati ya kinanda, do ikiwa C. Kwa mwanamume hapo ni juu tayari, kwa hiyo anaujua ugomvi wake. Kwa mwanamke hapo ni chini, na wengi wanaupita bila kuachia chochote, wanaibeba sauti ya kifua hadi la na si, ndipo wanapokwama na kudhani kwamba shida iko hukohuko juu. Dada yetu alikuwa hivyo. Tulikuwa tunashughulikia la wakati kasoro imeanzia mi.

Zoezi ni hili: anza juu, ushuke. Usianze chini. Ukianza chini msuli wa kifua umeshashika na hauachii kwa kubembelezwa, ila ukianza juu umeachia tayari, unaurudisha taratibu kadiri unavyoshuka. Tumia "ng'" ya ng'ombe. Waimbaji wa lugha nyingine hufundishwa mlio huu kwa taabu, sisi tumeukuta mdomoni. Mwanamke aanze do ya juu, mwanamume sol iliyo chini yake, kwa sauti ndogo ambayo aliye chumba cha pili haisikii, kisha ateleze hadi do ya katikati bila kuruka noti.

Sasa angalizo, na usiliruke hata moja:

Sauti ikikatika njiani, iache ikatike. Usiongeze nguvu kuficha mwanya. Sikia umekatikia noti gani, rudi noti tatu juu yake, pita tena polepole zaidi na kwa sauti ndogo zaidi. Mwanya unaofichwa kwa nguvu leo utaukuta mbele ya watu.

Weka kidole kwenye zoloto. Ukipanda litainuka kidogo, hilo ni sawa. Likiruka hadi chini ya taya kama unameza, umebana. Simama, piga mwayo, anza upya. Tazama pia kidevu kwenye kioo, maana wengi huinua kidevu kufuata noti.

Ukishateleza vizuri kwa "ng'", badilisha iwe "u", baadaye "o", kisha "i" na "e". "A" iwe ya mwisho kabisa. "A" iliyo wazi inamwita msuli wa kifua kila inapotamkwa juu. Kwenye "Bwana" ya solo, nilimwambia dada aelekeze "a" upande wa "o", mdomo usimame badala ya kupanuka. Aliona aibu, akidhani watu watasikia "Bwono". Tulirekodi, tukasikiliza, ikasikika "Bwana" safi. Kinyume chake ni "i": kila irabu ina mwangwi wake mdomoni, na wa "i" uko chini, kwenye hezi 300 hivi, wakati wa "a" uko kwenye 700 na zaidi. Fa ya juu ya soprano, yaani sauti ya kwanza, ina karibu hezi 700. Ukiwa huko na mdomo wa "i" uliobana, noti imeshaupita mwangwi wake na sauti inakosa pa kukaa, kwa hiyo taya lazima lishuke. Kiongozi wa kwaya anayewagombeza masoprano kwamba maneno hayasikiki kwenye noti za juu kabisa anagombana na fizikia.

Usifanye zoezi hili ukiwa na mafua, wala asubuhi baada ya mkesha. Dakika kumi zinatosha, mara mbili kwa siku ukitaka. Ukisikia maumivu, si uchovu bali maumivu, acha siku hiyo. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu bila sababu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie, huenda kuna vinundu kwenye nyuzi.

Na mayai mabichi, tangawizi, asali na limau? Kunywa kama unapenda. Unachomeza kinapita kwenye umio, hakiteremkii kwenye nyuzi za sauti. Kingekuwa kinateremkia huko ungepaliwa. Maji ya kutosha toka jana yake yanasaidia, na mvuke unafika. Kukohoakohoa "kusafisha koo" kabla ya kusimama ndiko kunakoharibu, maana unazigonganisha nyuzi kwa nguvu.

Hatua ya 5: Tafuta kilicho chako

Rudi kwenye rekodi ya hatua ya 1, sehemu ya kuongea. Linganisha na sehemu ya kuimba. Wengi nikiwachezea rekodi hizi mbili zinasikika kama watu wawili. Anayeongea ana lafudhi, ana haraka yake, ana mahali anapokawia. Anayeimba amevaa sauti ya redioni.

Ukubwa wa koo na mdomo umezaliwa nao, huo hutaubadilisha, na nusu ya utambulisho wako uko humo. Nusu nyingine ni mazoea: unavyoanza noti (kwa kuhema, kwa kuigonga, au kwa kuiingia sawia), unavyoimaliza, mawimbi yako, yaani mtikisiko wa noti unapoishikilia, yana kasi gani (ya kupendeza huwa kati ya matano na saba kwa sekunde), na irabu zako ni za wapi. Mtu wa Pemba anayeimba kwa "r" ya Marekani amejifuta mwenyewe. Msikilize Remmy Ongala, aliyetoka Kongo akaja Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy: sauti ina mikwaruzo, na kwenye usaili wa kwaya nyingi angewekwa mstari wa nyuma. Msikilize Bi Kidude, aliyeimba hadi uzeeni kwa sauti iliyopasuka na haikuomba radhi. (Wako wanaosema sigara ndiyo iliyompa. Wavutaji ni wengi, Kidude ni mmoja.) Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri za wakati ule zilinasa sehemu tu ya sauti ya mtu, lakini bado unamtambua kwa anavyoyashika maneno.

Kuhusu king'ong'o: imba "a", bana pua. Sauti ikibadilika sana, hewa inapita puani. Kwenye taarab hiyo inaweza kuwa pambo. Kwenye kwaya, inua kaakaa laini, yaani anza mwayo usiumalize. Nisingemfuta mtu king'ong'o chote, wengine ndicho kinachowatambulisha.

Hatua ya 6: Iga watatu

Chukua mstari mmoja wa wimbo wako, uimbe ukimwiga mwimbaji wa kwanza, halafu wa pili, halafu wa tatu, wasiofanana. Wawe watatu kweli. Anayeiga mmoja huishia kuwa fotokopi yake, na mjini zimejaa. Kisha imba mara ya nne bila kumwiga yeyote. Kitakachobaki kinarudi kwa njia ile ile katika kila jaribio ndicho usichoweza kukiacha, na ndicho cha kukilinda unapofanya hatua ya 4.

Hatua ya 7: Do iwe wapi

Solo ikiandikwa do ni G na noti ya juu inakutupa mahali ambapo sauti yako haipo, mwambie mpiga kinanda ashushe do iwe F au E. Dada yetu tulimshushia hadi F, na "Bwana" yake ikatoka na mkwaruzo wake uleule wa chini. Wapiga kinanda hununa, watakwambia wimbo umeandikwa hivyo. Kitufe cha kushusha funguo kipo, kwenye vinanda vingi kimeandikwa palepale juu, na kukibonyeza hakuchukui hata sekunde tano. Mwambie siku ya mazoezi, usingoje Jumapili asubuhi.