Kutengeneza ukuta wa matumbawe kwa chokaa: mwongozo kwa misikiti na nyumba za kale za Lamu

Ukuta wa kale wa Lamu una unene wa karibu nusu mita, na ndani yake mna mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Jiwe la tumbawe lina matundu. Hunyonya unyevu, kisha huutoa nje kupitia lipu ya chokaa. Ukilipiga lipu ya simiti umeliziba pumzi: maji yanapanda kutoka ardhini, hayana pa kutokea, na chumvi yake inaganda nyuma ya simiti na kulisaga jiwe kuwa unga. Mwishowe lipu inaanguka kwa mapande, na uso wa jiwe unatoka nayo.

Anza na maji, usianze na mwiko. Panda darini utafute nyufa, tazama mifereji, kagua choo na birika la kuhifadhia maji. Ukuta unaolowa kila siku hautapona kwa lipu ya aina yoyote.

Kisha zisome nyufa. Kanisa la Ulaya la mtindo wa kale uitwao Gothic, kama Notre-Dame ya Paris iliyoanza kujengwa 1163, lina paa la matao ya mawe linalosukuma kuta kwenda nje, ndiyo maana likawekewa mihimili ya mawe upande wa nje. Dari ya Lamu haisukumi hivyo. Ni bapa, imelazwa juu ya boriti za mikoko, na uzito wake hushuka wima. Ndiyo sababu vyumba ni vyembamba, kiasi cha mita 2.5 hivi, kadiri boriti inavyoweza kubeba. Kwa hiyo ufa ulio juu ya ukuta, chini ya dari, uhesabu kwanza kuwa ni wa maji au wa boriti iliyooza. Gonga kila boriti karibu na inapoingia ukutani, kisha chomeka msumari. Ukizama bila kupigwa nyundo, boriti hiyo ibadilishwe kabla ya jambo lingine.

Mji wa Kale umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Kabla ya kubomoa chochote, hasa mahali kama Msikiti wa Pwani wa karne ya 14, onana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Simiti ya zamani utaijua kwa rangi ya kijivu, na kwa kugonga: palipoachana na jiwe panalia kama mtungi mtupu. Itoe kwa patasi na nyundo ndogo, ukianzia palipoachana. Mashine inatikisa ukuta mzima. Fagia chumvi ikiwa kavu, wala usiioshe, kwani itarudi ndani na maji. Uache ukuta ukauke majuma kadhaa.

Kuzima chokaa, yaani kuitia majini mpaka ilainike, kunataka uangalifu. Jaza pipa maji hadi nusu, kisha tia mawe ya chokaa kutoka tanuuni kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya chokaa. Yatachemka na kukurukia. Vaa miwani na glavu. Koroga iwe uji mzito, chuja, funika kwa maji na uache angalau wiki 3; miezi 3 ni bora zaidi. Chokaa isiyozimika sawasawa huzimikia ukutani na kutoboa lipu vishimo.

Mchanga wa ufukweni una chumvi, hautufai. Vile vilima vya mchanga vya Shela navyo visiguswe kabisa, kwani chini yake ndimo yalimo maji matamu ya mji. Tumia mchanga wa bara, wenye chembe kali, uliooshwa. Changanya karai 1 la chokaa na makarai 3 ya mchanga, upige sana. Ulaini utokane na kupiga, si kuongeza maji. Maji mengi huleta nyufa.

Lowesha ukuta hadi uache kunywa. Mashimo makubwa yajaze vipande vya matumbawe ya zamani yaliyoanguka, yakishikwa na chokaa. Usikate tumbawe hai baharini. Piga mkono (tabaka) wa kwanza wa lipu usiozidi sentimita 1, ukwaruze, ungoje wiki nzima, kisha mkono wa pili. Wa mwisho uwe mwembamba, wa mchanga uliochekechwa.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu, na upepo wa Kaskazi huikausha kabla haijakaza, ikabaki unga. Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta na uyanyunyizie asubuhi na jioni kwa siku 7. Mvua kubwa za Aprili hadi Juni nazo huosha lipu mbichi, basi miezi hiyo usiianze kazi ya nje.

Kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) na mihrabu yenye nakshi, tumia kijiti cha mbao kuondoa chokaa zilizorundikana. Patasi itakula nakshi yenyewe.

Mwisho, paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara 4 au 5, siku moja kati ya kila mkono, ukilowesha ukuta kila mara. Ukiupaka mzito mara moja, utabanduka.