Massey Ferguson 135: kunyoosha fimbo za akseleta na waya wa kuzimia

MF 135 ikikosa nguvu kwenye plau, wengi hukimbilia kufungua pampu ya dizeli. Ngoja kwanza. Trekta hizi zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, na nyingi bado zinalima na fimbo zake za mwanzo. Injini ya Perkins ya silinda tatu huvumilia mengi, lakini fimbo zilizolegea na waya wa kuzimia uliokunjwa vibaya huinyima dizeli hata kama pampu ni nzima kabisa.

Hatua ya 1: Kagua injini ikiwa imezimwa

Egesha mahali tambarare, weka nyutro, funga breki, zuia matairi kwa mawe, kisha chomoa hasi ya betri. Msaidizi avute akseleta ya mkono hadi mwisho. Wewe tazama liva ya pampu. Lazima iguse skrubu ya mwendo wa juu. Ikiishia njiani, tatizo umeshaliona.

Hatua ya 2: Anzia kwenye pampu, rudi nyuma

Shika kila kiungo utikise. Milimita 2 za ulegevu kwenye viungo vinne ni milimita 8 zinazopotea kabla liva ya pampu haijasogea. Boljointi (kiungo chenye kichwa cha duara) iliyokwisha haitengenezeki, nunua nyingine. Tundu la fimbo lililotanuka lichomelewe, litobolewe upya au liwekewe bushi. Kuzungushia waya wa kufungia ni kuahirisha tatizo hadi katikati ya msimu.

Kabla ya kufungua fimbo yoyote, pima urefu wake kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, uandike.

Angalia nyuzi za bolti na nati pia. Nati za asili ni za inchi, UNF (nyuzi nyembamba). Nati ya robo inchi hushikwa na spana ya 7/16, na spana namba 11 (ya milimita) nayo inakaa vizuri. Kuna anayeweka bolti ya M6 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani: nati ya robo inchi itaivaa kwa ulegevu, itaonekana imekaza, kisha itatoka shambani.

Hatua ya 3: Fimbo ikisugua, badili njia

Hili hutokea sana pale dinamo ilipotolewa ikafungwa oltaneta, au filta ya dizeli ilipohamishwa. Usiipashe fimbo moto na kuikunja mara tatu ili ikwepe. Fimbo yenye kona nyingi hujipinda kila ukiivuta, na liva ya pampu haifiki mwisho. Kona ndogo moja inatosha. Ikishindikana, weka kebo.

Kebo ya kawaida inavuta tu, haisukumi, kwa hiyo springi ya kurudisha kwenye liva ya pampu ni ya lazima. Ala ya kebo (ganda lake la nje) ifungwe imara ncha zote mbili, la sivyo itasogea ala badala ya waya. Kona zake ziwe pana, angalau kama duara la sahani ya kikombe cha chai. Ipitishe mbali na ekzosi, pedali ya klachi na fimbo za usukani. Zungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho kabla ya kuibana.

Hatua ya 4: Waya wa kuzimia

Huu ndio unaopeleka pampu isiyo na ubovu kwa fundi bure. Ukikwama bila kurudi hadi mwisho, pampu inakuwa imefungwa nusu: injini inawaka vizuri, ikipata mzigo inachoka. Sukuma kitufe cha kuzimia ndani, kisha jaribu kusogeza liva ya kuzimia kwa kidole kuelekea upande wa kuwasha. Ikisogea zaidi, waya ni mfupi au umeota kutu.

Hatua ya 5: Rekebisha urefu na ujaribu

Akseleta ikiwa imerudishwa yote, liva ikae kwenye skrubu ya sailensa (mwendo wa chini kabisa wa injini). Ikivutwa yote, iguse ya juu. Rekebisha kwa urefu wa fimbo tu. Skrubu ya juu iliyofungwa kwa waya na lakiri ya risasi usiiguse.

Rudisha betri, washa, na kabla ya lolote hakikisha kitufe kinazima injini. Sailensa iwe mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Akseleta ikijirudi yenyewe kwa mtikisiko, kaza springi ya msuguano chini ya usukani.

Mwisho piga mstari wa rangi juu ya kila nati na fimbo yake. Baada ya siku ya kulima, mistari isipolingana ujue nati imezunguka, ikaze tena.