Somo: Bolti ya kumwagia oili imekula nyuzi, ufanyeje

Juzi nililetewa pikipiki ikisukumwa, chini ya injini imefungwa kipande cha tyubu. Bolti ya oili ilikuwa inazunguka tu bila kukaza, na fundi wa mwanzo akamwambia dereva "itafika". Haikufika. Bolti ilidondoka njiani, oili ikaisha, injini ikajamu. Nimeumia, kwa sababu ilikuwa kazi ya nusu siku tu.

Kwanza tuelewane kuhusu chanzo. Bodi ya injini ni alumini, bolti ni chuma, na mmoja lazima ashindwe. Mara nyingi mambo huanzia kwenye wosha. Oili ikibadilishwa, wosha ya zamani inarudishwa ikiwa imeshalala. Ikianza kudondosha tone, mtu anakaza. Ikidondosha tena, anachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu zaidi. Siku ya tatu meno, yaani nyuzi za tundu, yanatoka.

Hatua ya 1: Kagua. Toa bolti, ifute, itazame penye mwanga. Ukiona kitu kama waya mwembamba mweupe umejiviringa kwenye mifereji yake, hayo ni meno ya injini yametoka na bolti. Kama tundu bado lina meno na bolti ndiyo imelainika, umepona, nunua bolti nyingine. Na kama ni meno mawili ya mwanzo tu yamelala, chukua bolti ya zamani ya saizi hiyohiyo, ikate mifereji mitatu ya urefu kwa msumeno wa chuma, ondoa makali kwa tupa, kisha izungushe kwa mkono pamoja na grisi. Kwenye alumini inasafisha nyuzi vizuri kabisa.

Hatua ya 2: Pima. Pikipiki nyingi za muundo wa Honda CG125 zina bolti ya milimita 12, nafasi kati ya jino na jino 1.5. Usikubali kwa kuambiwa. Pima kwa geji ya nyuzi, au nenda na bolti yako dukani ukailinganishe.

Hatua ya 3: Chagua njia. Ya kwanza ni kupanua hadi 14 kwa 1.5: unatoboa kwa biti ya 12.5, unapitisha tapu (kifaa cha kukatia nyuzi ndani ya tundu), unafunga bolti kubwa. Ni rahisi, ila angalia unene wa alumini kuzunguka tundu, ukiwa mwembamba utapasuka. Ya pili, ambayo mimi naipenda kuliko zote, ni bushi. Mpelekee fundi mchongaji (Gerezani pale Dar wapo) akuchongee bushi ya chuma yenye nyuzi nje na ndani, za ndani ziwe 12 kwa 1.5. Inaingia na gundi ya kufungia nyuzi inayohimili joto na oili, na haitoki tena. Hakikisha haichomozi nje ya uso wa bodi, la sivyo wosha haitakaa.

Hatua ya 4: Kata nyuzi. Hapa usiwe na haraka. Acha pikipiki imesimama na ufanye kazi kutoka chini, ili chenga zidondoke zenyewe. Ukiilaza zinaingia ndani. Paka grisi kwenye biti na kwenye mifereji ya tapu, inanasa chenga. Tapu iingie wima. Zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ukitonesha mafuta ya taa. Ikianza kuwa nzito, itoe, ifute, anza tena. Tapu ikikatikia ndani ya bodi, utatamani ungebaki na tatizo la mwanzo.

Hatua ya 5: Safisha. Sumaku haivuti alumini, usijidanganye nayo. Mimina oili ya bei rahisi kupitia juu, tundu likiwa wazi, na ikinge kwa kitambaa cheupe. Rudia mpaka kitambaa kisionyeshe chembe inayong'aa.

Hatua ya 6: Funga. Wosha mpya, bolti ianze kwa vidole tu, angalau mizunguko mitatu. Mkazo wa Newton-mita 25 unatosha kwa bolti ya 12. Huna spana ya kupimia? Tumia spana fupi, kwa mkono mmoja.

Maswali ya wadau

*Fundi, gundi ya chuma haiwezi kufanya kazi? Niko Morogoro, wachongaji wako mbali.*
Kaka, ikikamata, siku ya kubadilisha oili utaifunguaje? Isipokamata, bolti inatoka njiani. Toa bolti, ipime, mtumie mchongaji vipimo kwa simu, bushi ije kwa basi.

*Mkuu, nyuzi za plagi nazo ni hivihivi?*
Hapana. Plagi ya aina ya D8EA ni milimita 12 pia, lakini nafasi yake ni 1.25. Ukipitisha tapu ya 1.5 umeharibu kabisa. Na kule toa silinda hedi kwanza, chenga zikidondokea juu ya pistoni zitakwaruza silinda.

*Wosha ya shaba inarudiwa?*
Ndiyo, kama haijachanika. Ichome mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, inakuwa laini tena. Ya alumini nunua mpya.

*Shikamoo fundi. Mimi si fundi, nina pikipiki yangu nimemkabidhi kijana. Nitajuaje kama wanaiharibu?*
Marahaba, mwanangu. Mwambie kijana kila akimwaga oili akuletee wosha ya zamani. Na aegeshe usiku juu ya kipande cha boksi. Asubuhi kukiwa na doa chini ya injini, asikaze kitu, ailete.