Jinsi ya kutembelea jumba la Vitelleschi pale Tarquinia

Kama uko Roma na una siku moja ya kubaki, panda treni uende Tarquinia, maana huku utaona vitu vya Waetruski (watu wa kale wa Italia, kabla Warumi hawajatawala) ndani ya jumba lenyewe la kifahari, siku hizi ni makumbusho, lilijengwa kati ya 1436 na 1439 na Kardinali Giovanni Vitelleschi. Usiende Jumatatu, huwa wamefunga. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali Italia ni bure, ila watu wanakua wengi kwahiyo wahi asubuhi.

Stesheni iko bondeni na mji uko juu kilimani, chukua basi jamani, msijitese na jua. Ukinunua tiketi ulizia ile ya pamoja, inakuingiza makumbusho na pia makaburi ya Waetruski ya Monterozzi.

Ukiingia usikimbilie kabatini kwenye vyungu, simama kwanza uani uangalie matao na kisima, halafu majeneza ya mawe yaliyochongwa watu wamejilaza kama wako karamuni. Alafu nenda kwa farasi wenye mabawa, wa udongo wa kuchoma, karne ya 4 kabla ya Kristo, walitoka hekalu la Ara della Regina, mimi nilikaa hapo muda mrefu sana nikitazama zile shingo na mishipa yake, kaa na wewe. Pia kuna michoro ya kaburi la Triclinio, mojawapo ya yale ya Monterozzi, iliyobanduliwa ukutani ili isiharibike, piga picha bila flashi.

Vaa raba, ngazi ni nyingi.