Utambi wa karabai: angalia namba kabla ya kununua

Ukienda dukani kununua utambi wa karabai (ile soksi nyeupe inayowaka, siyo utambi wa chemli), usiseme tu "nipe utambi". Tazama kibati cha taa yako kwanza. Kikisema 500 CP (CP ni kipimo cha nguvu ya mwanga), chukua wa 500. Kikisema 350, chukua wa 350. Mkubwa kwenye taa ndogo haujai vizuri, unabaki na weusi upande mmoja. Mdogo kwenye taa kubwa unapasuka mapema.

Halafu angalia namna unavyofungwa. Kuna wa uzi mmoja, kama kimfuko, na kuna wa matundu mawili unaofungwa juu na chini. Haubadilishani hata kidogo.

Ukishaufunga, sambaza mikunjo, uchome taratibu mpaka uwe mweupe wote, ndipo upige pampu. Baada ya hapo usiuguse, ni majivu matupu. Ukitoboka, hata katundu kadogo, badilisha usiku huohuo: moto unachomoza pale pale na kupasua kioo, na kioo ndicho ghali.

Tambi za zamani zilikuwa na thoriamu, metali yenye mnunurisho (mionzi) kidogo. Tafuta zisizo nayo, na vumbi lake usilipulize kwa mdomo.