Somo: Namna ya kuuza jezi, medali na njumu zako za zamani bila kupunjwa

Ndugu wanachama, somo hili ni la wachezaji na wanariadha waliostaafu, na la familia zao, ambao bado wana jezi, medali, njumu, vikombe au namba za kifuani ndani ya nyumba na wameanza kutafutwa na wanunuzi. Hapa Dar es Salaam mambo huenda kwa mtindo unaofanana: mnunuzi hupata namba yako ya simu kwa mtu mnayefahamiana, hukusifia mabao ambayo hata wewe umeyasahau, hufika na fedha taslimu, kisha hudai kwamba kesho asubuhi ana ndege. Haraka hiyo ni sehemu ya biashara yake. Mtu anayetajiwa bei kabla hajajua alicho nacho huuza kwa kiasi cha shida aliyo nayo siku hiyo, iwe ni kodi ya nyumba au ada ya mjukuu, na mnunuzi mzoefu huwa ameipeleleza shida hiyo kabla hajabisha hodi.

Kwa sababu hiyo hatua zifuatazo zimepangwa kwa makusudi, na bei imewekwa karibu na mwisho.

Hatua ya kwanza: andika orodha

Toa kila kitu ukiweke mezani, kisha uandike katika daftari ni kitu gani, ulikipata lini, wapi na kutoka kwa nani. Tenga mafungu matatu: vitu vilivyotumika uwanjani, vitu ulivyokabidhiwa kama medali, vikombe na vyeti, na mwisho jezi na skafu zilizotengenezwa kwa ajili ya mashabiki. Fungu hili la mwisho, hata ukilitia saini, haliwezi kulingana na mawili ya kwanza.

Usipime thamani kwa ushindi peke yake. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, John Stephen Akhwari alimaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia, huku goti lake likiwa limefungwa bandeji. Lakini picha za kuingia kwake uwanjani zinatazamwa hadi leo na watu wasiojua aliyeshika nafasi ya pili alikuwa nani. Wakusanyaji hufuata matukio yanayokumbukwa, na tukio linalokumbukwa si lazima liwe la kupanda jukwaani.

Hatua ya pili: usifue, usisugue

Hili huwaumiza wengi, kwa sababu sisi tumelelewa kumpokea mgeni kwa kitu safi. Jezi iliyochezewa isipelekwe kwa dobi. Doa la nyasi, jasho lililogeuka kahawia kwenye kola na uzi uliochomoka begani ni vitambulisho vyake. Medali ya fedha iliyoingia weusi isisuguliwe kwa dawa ya meno, majivu wala limau. Kila msuguo huondoa tabaka la juu pamoja na maandishi madogo yaliyochongwa.

Joto na unyevunyevu wa mji huu ni adui wa kweli, hasa kwa wanaoishi karibu na bahari. Jezi ikunjwe ndani ya shuka jeupe la pamba, si mfuko wa nailoni, na isikae chini ya sanduku lililogusana na ukuta. Zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu msizitupe.

Hatua ya tatu: kusanya ushahidi

Hapa ndipo penye kazi yote, na hapa ndipo bei inapotengenezwa. Mkusanyaji makini hanunui kitambaa, ananunua uhakika kwamba kitambaa hiki ndicho kilichokuwa mwilini mwako siku ile.

Tazameni mfano ulio mkubwa kuliko yote kwa upande wa soka. Tarehe 22 Juni 1986, baada ya Argentina kuitoa Uingereza katika Kombe la Dunia, kiungo Steve Hodge alibadilishana jezi na Diego Maradona. Mwaka 2022 Hodge aliipeleka jezi hiyo mnadani kwa Sotheby's, na kabla haijauzwa familia ya Maradona ilijitokeza ikasema kwamba hiyo ilikuwa jezi ya kipindi cha kwanza, si ile iliyofunga mabao mawili ya kipindi cha pili. Kama pingamizi hilo lingesimama, bei ingeporomoka. Sotheby's waliitetea jezi kwa kuilinganisha na picha za mchezo: namna beji ilivyokaa, mistari ilivyokutana na namba zilivyobandikwa. Kilichowasaidia ni kwamba jezi zile za bluu zilinunuliwa dukani jijini Mexico siku chache kabla ya mchezo, beji zikashonwa na namba za kung'aa zikabandikwa kwa haraka, hivyo hapakuwa na mbili zilizofanana kabisa. Iliuzwa kwa pauni milioni 7.1.

Sasa ingia chumbani ukatazame jezi yako ya miaka ya 1970 au 1980. Itandaze juu ya shuka jeupe mchana, karibu na dirisha. Huenda namba ya mgongoni ilishonwa na fundi kwa cherehani, na ukiinama utaona mguu wa tarakimu 7 umeelemea kushoto, au uzi wa chini ni mweupe na wa juu umefifia kuwa wa maziwa, au kona moja ya namba ilibanduka ikashonwa tena kwa mkono. Kasoro ambazo wakati ule zilituaibisha mbele ya timu za kigeni leo ndizo alama za vidole vya jezi hiyo. Piga picha ya kila moja kwa karibu, pamoja na lebo ya ndani ya kola na mishono ya makwapani, halafu uanze kuzitafuta alama hizo hizo katika picha za zamani.

Picha hizo zitatoka wapi? Anza na albamu za wenzako wa timu, maana mara nyingi aliye na picha yako nzuri ni beki aliyesimama nyuma yako. Kisha nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, uulizie magazeti ya zamani ukiwa na tarehe za michezo mkononi. Pasipoti za zamani nazo msizidharau: mwenye mhuri wa kuingia Nigeria Machi 1980 ana ushahidi kwamba alisafiri wakati Taifa Stars ilipokwenda kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, na ushahidi huo hakuna awezaye kuutunga kwa kalamu.

Mwishowe andika maelezo yako mwenyewe, ukurasa mmoja au miwili, uyaape mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo. Hati ya kiapo haitoshi ikiwa peke yake, lakini ikiambatana na picha hupata nguvu. Andika unachokikumbuka tu. Mnunuzi akikuta umetaja bao la dakika ya 80 na gazeti likasema la 62, ataanza kutilia shaka hata yaliyo kweli.

Hatua ya nne: hakikisha kitu ni chako

Zamani vilabu vingi vilikusanya jezi baada ya mchezo ili zifuliwe na kutumika tena, kwa hiyo swali la jezi ilifikaje nyumbani kwako litaulizwa, na ni heri ulijibu kabla halijaulizwa. Ikiwa kiongozi wa wakati huo yupo hai, mwombe barua fupi. Kombe lililotolewa kwa timu si mali ya nahodha, hata kama limekaa kabatini kwake miaka thelathini.

Hatua ya tano: njia ya kuuza, na bei

Njia ni tatu: kumuuzia mkusanyaji moja kwa moja, kupitia dalali, au kupitia nyumba ya mnada. Sotheby's na Christie's hushughulika na vitu vya bei kubwa sana. Budds ya Uingereza (zamani Graham Budd) na Heritage ya Marekani huuza vitu vya michezo vya viwango mbalimbali, na RR Auction ya Boston inajulikana kwa medali za Olimpiki. Nyumba hizi hukata kamisheni kwa muuzaji na pia humtoza mnunuzi asilimia juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyofikiwa mnadani, kwa hiyo bei inayotangazwa magazetini si fedha inayoingia mfukoni mwako. Kabla ya kusaini, uliza mambo matatu: kamisheni ni asilimia ngapi, nani analipia usafirishaji na bima, na bei ya chini kabisa ambayo chini yake kitu hakiuzwi ni ipi. Hilo la mwisho lisipoandikwa, usisaini.

Kuhusu bei zenyewe, viatu alivyovaa Roger Bannister mwaka 1954 alipokuwa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika nne viliuzwa Christie's mwaka 2015 kwa pauni 266,500. Mwaka 2025 mpiga mbizi Greg Louganis aliuza medali tatu za Olimpiki; dhahabu mbili za Seoul 1988 zilipata takriban dola 200,000 kila moja, na fedha ya Montreal 1976 takriban dola 30,000. Ni mtu yule yule, na tofauti ni kubwa kiasi hicho.

Maoni yangu ni kwamba wengi wetu hukosea kudhani mnunuzi mzuri lazima awe Ulaya. Jezi ya pambano la Simba na Yanga ina mnunuzi wake hapa hapa mjini, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwepo Shamba la Bibi (Uwanja wa Uhuru) akiwa mtoto juu ya mabega ya baba yake, ilhali mkusanyaji wa London hatajua kwa nini watu walizimia siku ile. Kwa riadha hali ni kinyume. Mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, ambapo Filbert Bayi alimshinda John Walker kwa rekodi ya dunia ya 3:32.2, zinakumbukwa New Zealand pengine kuliko zinavyokumbukwa hapa, na mtu aliyetoka na chochote kwenye michezo ile atafute mnunuzi huko kwanza.

Hatua ya sita: malipo na makabidhiano

Makabidhiano yafanyike benki, mchana, ukiwa na mtu wako. Ujumbe wa simu unaosema umepokea fedha si fedha. Angalia salio kwanza. Kwa mnunuzi wa hapa nchini, taja bei kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za Benki Kuu za mwaka 2025 zinakataza kutoza na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Kifurushi cha nje kiende na bima na thamani halisi itamkwe. Ukitaja ndogo ili kumpunguzia mnunuzi ushuru, kikipotea utalipwa hiyo hiyo ndogo. Mnunuzi wa Marekani akumbushwe pia kwamba tangu Agosti 2025 ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 umeondolewa, na muandikishane nani anaubeba.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilicheza ligi daraja la kwanza miaka ya 1980, nina jezi namba 6 lakini sina picha hata moja nikiwa nimeivaa. Je, niiache tu?

Jibu: Marahaba. Usiiache. Tafuta picha ya mwenzako yeyote akiwa na jezi ya seti ile ile. Kama namba zake zilishonwa na fundi yule yule kwa kitambaa kile kile, umeshathibitisha msimu, na wenzako wawili wanaweza kuapa kwamba namba 6 ilikuwa yako. Bei itakuwa chini ya ile ya jezi yenye picha, na ukubali hivyo mapema. Usikubali mtu akutengenezee picha kwa kompyuta, kwani ikigundulika hata vitu vyako vya kweli havitapata mnunuzi tena.

Swali: Baba yetu alikuwa mwanariadha, ametangulia mbele ya haki. Baba mdogo anasema medali ziko kwake na tayari amepata mteja. Sisi watoto tufanye nini?

Jibu: Poleni sana. Medali ni sehemu ya mirathi kama ilivyo nyumba au shamba, na mwenye mamlaka ya kuziuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaeni kikao cha familia, mpendekeze msimamizi, mfungue shauri, na mmweleze baba mdogo kwa heshima kwamba mnunuzi makini ataomba barua ya usimamizi. Mkimweleza hivyo mapema, huenda yeye mwenyewe akaahirisha. Wakati huo huo mzipige picha pande zote mbili.

Swali: Kuna kijana ananiletea jezi mpya hamsini nizitie saini, ananilipa kwa jumla. Kuna ubaya?

Jibu: Ubaya upo kwenye idadi na kwenye malipo ya jumla. Saini hamsini zikiingia sokoni kwa wakati mmoja, ile utakayotia mwakani itashuka. Lipwa kwa kila jezi, weka tarehe, na piga picha ukiwa unasaini. Karatasi tupu usitie saini kabisa. Biashara ya saini bandia ni kubwa. Marekani, FBI iliendesha operesheni nzima iliyoitwa Bullpen dhidi ya waghushi. Na jezi yako ya zamani usiitie saini leo kwa kalamu ya wino mzito mpaka mnunuzi aombe, kwa kuwa wengine huiona kama doa jipya.

Swali: Mimi sitaki kuuza bado, ila naogopa vitu vitaozea ndani. Je, nikikabidhi makumbusho nitakuwa nimevipoteza?

Jibu: Si lazima, dada. Kukabidhi na kuazima ni mambo mawili tofauti. Jezi ile ya Maradona ilikaa takriban miaka ishirini katika makumbusho ya soka ya Uingereza ikiwa imeazimwa, na Hodge alipotaka kuiuza aliichukua. Omba mkataba wa kuazima unaotaja jina lako kama mmiliki, muda wa kuazima, hali ya kitu siku ya kukabidhi pamoja na picha, nani analipa kikiharibika, na taarifa ya siku ngapi unapaswa kutoa ukitaka kukichukua. Nakala moja ibaki kwako, na nyingine mpe mtu ambaye atakuwa msimamizi wako.