Wembe wa kukunja, siku ya kwanza

Mdogo wangu, usianze asubuhi ya Ijumaa huku unawahi msikitini. Anza jioni. Hapa Ujiji nawanyoa watu kila siku, na bado uso wangu mwenyewe naupa nusu saa.

Bandika taulo la moto dakika 2, kisha povu la sabuni kwa brashi. Wembe upitishe kwenye mkanda wa ngozi mara 30 hivi, mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali utauchana mkanda. Mimi niliuchana wa babu, akaninyima chai.

Siku hiyo nyoa mashavu tu. Kidevu kina kona nyingi, kiachie wembe wako wa kawaida. Kaza ngozi kwa mkono mwingine, laza wembe kama nyuzi 30. Ukiusimamisha utakuwa unapaa magamba ya samaki kuhe, si kunyoa. Fuata ndevu zinakolalia, kidogo kidogo, bila kukandamiza. Usiuburuze kwa upande kuelekea ncha yake, hapo ndipo damu inapotoka. Ukijikata, lowesha shabu, lile jiwe la kuzuia damu, ubandike.

Ukaushe kabla ya kuukunja, maana huku ziwani kutu haichelewi. Na usimwazime mtu, hata shemeji.